Wageni wameshaondoka, tumebaki na mpangaji

Tangu daktari aseme vipimo vya mume wangu viko vizuri, nyumba yetu imekua kimya ajabu. Kipindi kile anaumwa hasa, jamani, mlango haufungwi. Shangazi kaja toka Muheza na kikapu cha machungwa, jirani na chupa ya uji, mafundi wenzie wa gereji wamejipanga kwenye benchi barazani hawajui waseme nini, wanatazama simu zao tu, mwisho mmoja anatoa bahasha wanaaga. Grupu la WhatsApp la ukoo lilikua halilali, fulani katuma elfu kumi, fulani katuma elfu tano na dua ndefu ya kukopi. Sasa hivi ukiandika mle kwamba leo sukari imepanda au mguu umevimba unapata alhamdulillah mbili na kidole gumba, mana kwa watu ile habari imeisha, kapona, tumuache apumzike.

Na wala siwalaumu. Mgonjwa wa kitandani kila mtu anajua amfanyie nini, kuna uji, kuna dua, kuna mchango, kuna zamu ya kulala hospitali. Ila huyu aliyeinuka kitandani lakini hawezi kubeba ndoo, anakula lakini si kila kitu, anatembea lakini nyayo hazihisi chini, huyu hana zamu, au niseme zamu zake zote ni za mke. Ndo ninachotaka kuandika leo, hiki kipindi cha baada. Ya hospitali yameshasemwa sana.

Kwa kifupi tu kwa asiyejua, ilikua kansa ya sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, pale karibu na njia ya haja kubwa. Alikua anatoka damu siku nyingi, akaambiwa bawasiri, akanywa mizizi, akapewa vidonge vya kuchomeka, akaambiwa aache pilipili. Mume wangu ni fundi magari, fundi hana muda wa kuumwa, halafu umwambie mwanaume wa Ngamiani, hapa Tanga, avue suruali daktari ampime kwa kidole, we mwenyewe unaelewa. Mpaka haja ikawa inatoka nyembamba na suruali zinashuka kiunoni ndo akakubali kwenda kupigwa kamera. (Niseme hili hapa hapa halafu nisirudie tena: damu kwenye haja kwa mtu mzima isiitwe bawasiri mpaka apimwe ndani. Mahubiri yamekwisha.) Ikawa Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki tano pamoja na vidonge, tukaishi kwa wifi yangu Temeke watoto wakiwa Tanga na bibi yao, kisha upasuaji, kisha dripu za dawa za kansa kila wiki tatu. Na kabla ya yote hayo alikua na kisukari chake cha miaka mingi, ambacho katika zile kelele hata kukitaja tuliacha. Chenyewe kilikua kinatusubiri tu.

Sasa huyu mpangaji. Kwenye upasuaji walitoa kile kipande chote cha chini pamoja na njia yenyewe wakaifunga, wakatoa ncha ya utumbo nje, upande wa kushoto wa tumbo, haja ikawa inatokea hapo inaingia kwenye mfuko uliobandikwa. Wanaita kolostomi. Kuna wengine inakua ya muda tu baadae wanarudishiwa, ya kwake ni ya maisha. Ile ncha ni nyekundu kabisa, ina unyevunyevu, ukiigusa yeye hasikii maumivu, ila ukiisugua inatoa damu kidogo na mara ya kwanza utapiga kelele. Mtoto wetu wa mwisho yuko darasa la kwanza, alipoiona aliitazama weee halafu akauliza, "Baba, huyu analala humo humo?" Tulicheka mpaka baba yake akawa anashikilia mshono. Basi jina likapatikana. Mpangaji kaamka. Mpangaji leo ana kelele. Mpangaji kodi halipi na kuchafua anachafua. Raha ya hilo jina ni kwamba unaweza kulisema hata mbele ya watu, mtoto anakuja barazani anasema baba mpangaji anakuita, wageni wanadhani tuna chumba cha uani.

Ila cheko ni cheko na mfuko ni mfuko. Mifuko yenyewe ni ya kutafuta, Tanga hapa leo ipo kesho haipo, mara nyingi tunaagizia Dar inakuja na basi, na bei yake kwa mtu anaeuza vitumbua inauma. Halafu kuna joto letu la pwani, mtu anatokwa jasho, ile gundi inaachia saa nane mchana yuko kwa watu. Mzee mmoja tuliyekutana nae Dar, yeye ana mpangaji miaka na miaka, alituambia enzi zao walikua wanafunga rambo na kitambaa kiunoni, na tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 hata huo ujanja ukawa shida. Alikua anaeleza huku anacheka. Na ndie aliyetufundisha mambo ambayo kwenye karatasi ya hospitali hayakuwepo: pima upya ukubwa wa ncha kila baada ya muda mana inapungua uvimbe, kata tundu la mfuko liibane bila kuikaba, ukikata kubwa haja inakula ngozi pembeni, ngozi ikishachubuka mfuko haushiki, mfuko usiposhika ngozi inazidi kuchubuka, mzunguko huo huo. Badilisha asubuhi kabla hajaweka kitu tumboni, hapo mpangaji bado kalala.

Mwanzo nilikua nabadilisha mimi. Anasimama bafuni anaangalia ukuta, mimi nafuta, nakausha, nabandika, hatuongei. Mikono ilipopata nguvu akachukua kazi yake, na siku hiyo hiyo akaanza kufunga mlango wa bafu na komeo. Nikigonga, "uko sawa baba?", kimya. Nikigonga tena anajibu, "Mama watoto, mimi si mtoto wako wa nne." Lilinikaa hilo neno, lakini mpaka leo nagonga na nitaendelea kugonga, mana kuna siku alichoma insulini halafu chakula kikamshinda, sukari ikashuka nikamkuta amekaa chini sakafuni ameloa jasho, ananiangalia hanijui. Ningeheshimu lile komeo siku hiyo ningekua naandika mambo mengine hapa. Kwa hiyo tuna makubaliano, au yeye anaita amri: nagonga mara moja, anajibu kwa kukohoa, nakwenda zangu. Asipokohoa naingia, na komeo lenyewe nililishalegeza skrubu.

Chakula ndo kilinivuruga akili kuliko vyote. Mtu mmoja, kliniki tatu, na kila kliniki ina mdomo wake. Wa kansa wanasema ale, uzito umeshuka sana, ale chochote kitakachopita. Wa sukari wanasema ugali punguza, wali punguza, maharage ndo mazuri, kunde nzuri, choroko nzuri. Wa kidonda na mfuko wanasema maharage hapana, kabichi hapana, vitunguu vingi hapana, mayai angalia, mana vinajaza gesi na mfuko unavimba unataka kupasuka. Sasa niambie we msomaji hapo unapika nini. Nikakaa na daftari la shule la mtoto nikawa naandika alichokula na kilichotokea, mpaka nikajua tumbo lake yeye. Choroko zilizolowekwa usiku kucha, maji ya kwanza yakamwagwa, anazivumilia. Kunde hapana kabisa. Samaki wa kuchoma hana shida nae, mchicha wa nazi kidogo sawa, embe bichi hapana, mihogo ya kuchemsha kipande kimoja na sio sahani. Na wageni wetu wapendwa, Mungu awalipe kila la kheri, ila mgonjwa wa sukari mnamletea kreti ya soda? Kuna kipindi chini ya kitanda kulikua na soda kama duka, nikawa naziuza na vitumbua asubuhi.

Ya sukari wakati wa dripu ilitushika pabaya. Kabla ya dripu wanachoma dawa ya kuzuia kutapika, humo kuna deksamethasoni, na hiyo inarusha sukari juu kwa siku kadhaa. Hatukua tunajua. Tumerudi nyumbani nampima, kile kimashine badala ya namba kikaandika HI, na binti yetu mkubwa wa sekondari, na woga wote ule, anasema mama kinakusalimia. Kumbe maana yake ipo juu mpaka kimeshindwa kuisoma. Ndo tukajua siku za dripu lazima daktari aambiwe una sukari na dozi ya insulini ipangwe upya, sio mtu ubaki na dozi yako ya siku zote.

Na hizo dripu, oksaliplatini, zina kituko chake. Zinafanya mtu aogope baridi. Yaani hapa Tanga, Februari, feni inazunguka hewa ya moto, mtu hawezi kunywa maji ya friji, akinywa koo linabana anahisi anakabwa. Hawezi kufungua friji lenyewe, vidole vinachoma kama kashika waya wa umeme. Asubuhi gereji spana zimelala na umande, akishika anaziachia chini. Vijana wake wakawa wanaziweka juani kwanza ndo wanampa. Hiyo ya baridi huisha siku chache baada ya dripu, ila chini yake kuna nyingine inayokuja polepole na hii haiondoki na dripu ikiisha: ganzi. Vidole vya mikono na nyayo. Na ukichanganya na ganzi ya sukari aliyokua nayo tangu zamani, basi ni ganzi juu ya ganzi.

Kwa fundi hiyo ni kubwa. Nati unaifunga kwa kidole, sehemu ambayo jicho halifiki, kidole ndo kinakuambia imeshika uzi au imepanda. Yeye haambiwi tena. Siku alipogundua hilo alirudi nyumbani mapema, akakaa barazani na ovaroli lake, nikamuuliza kulikoni akasema gari za watu zina breki, mama watoto. Nikaelewa.

Halafu vidonge navyo, kapesitabini, vilimfuta alama za vidole. Sitanii. Viganja vilikua vyekundu, vikababuka ngozi, ikaota ngozi laini haina mistari. Tukalijua hilo laini yake ya simu ilipoharibika. Kwenda kuirudisha unatakiwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na kidole, tangu usajili wa vidole ule wa 2019 na 2020, basi anaweka kidole mashine inakataa, cha pili inakataa, anasuguliwa na kitambaa inakataa, kijana wa pale anamuangalia kwa jicho la kuuliza huyu mzee namba hii kaiba wapi. Na hela za dawa ziko kwenye laini hiyo. Tulirudi na barua ya hospitali, wakaitazama mbele na nyuma, wakasema mfumo hausomi barua. Binti akasema basi baba sasa unaweza kuvunja duka usikamatwe. Hela tulikuja kuzipata alama zilipoota tena, miezi mingi baada ya vidonge kuisha, na hapo katikati tuliishi kwa vitumbua vyangu na mkopo wa kikoba. Ukiwa na mtu anaanza hivyo vidonge, mwambie ashughulikie laini na mambo yote ya vidole mapema kabla ngozi haijababuka. Hakuna aliyetuambia.

Lakini nikiulizwa kipi kimeniogopesha zaidi toka tumerudi nyumbani, sio kansa. Ni kokoto. Kokoto dogo liliingia kwenye kiatu, akatembea nalo kutwa nzima gereji, hakulihisi, jioni anavua soksi ina damu. Kidonda cha ukubwa wa tundu la kitufe kilichukua miezi kufunga, kikaingia usaha, tukaanza kusikia lile neno kukata. Yaani mtu katoka kwenye mionzi, katoka kwenye kisu, katoka kwenye dripu, halafu kokoto la barabara ya kumi na mbili limchukue mguu? Nililia siku ile kuliko siku ya majibu ya kansa. Sasa kila usiku kabla ya kulala anakaa kitandani miguu juu ya mapaja yangu, nawasha tochi ya simu naangalia nyayo, katikati ya vidole, kisigino, nampaka mafuta ila sio katikati ya vidole, pale pakilowa panaoza. Viatu vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa, na hiyo ni kazi ya yule mdogo, anaifanya kwa makelele kama polisi anapekua. Pekupeku marufuku hata kwenda chooni.

Kuna jambo la msikiti nalo. Mume wangu ni mtu wa Ijumaa, safu ya pili, miaka yote. Baada ya mpangaji akaacha. Anasema ana udhuru wa ugonjwa, sawa, lakini mwaka? Kumbe mambo ni mawili. La kwanza ni twahara, atatawadhaje mtu ambae haja inatoka yenyewe hana uwezo wa kuizuia, udhu wake si unavunjika hapo hapo? La pili, ambalo hakulisema mpaka nilipomkamia, ni mlio. Mpangaji hana adabu, anaweza kupiga mlio imamu akiwa kimya kwenye rukuu na huna misuli ya kumbana. La kwanza alilimaliza sheikh tuliyemuendea nyumbani kwake baada ya alasiri, wala hakushangaa, akasema mwenye udhuru wa kudumu anajisafisha, anafunga vizuri, anatawadha wakati wa sala ukishaingia na anaswali pale pale, kitakachotoka baada ya hapo bila hiari yake hakimharibii, na sala nyingine ikiingia anatawadha upya. Akasema hukumu hiyo ipo vitabuni karne na karne, walikuwepo watu wenye shida hizi kabla yako. Nilimuona mume wangu mabega yanashuka. La mlio sheikh hakua na hukumu, akacheka akasema feni za msikiti wetu zina kelele kuliko tumbo lako. Basi siku hizi anakwenda, anakaa safu ya mwisho karibu na mlango chini ya feni bovu, na Alhamisi usiku hataki kuona choroko. Funga ya Ramadhani hiyo madaktari wamekataa, tunatoa fidia, kibaba kwa kila siku, na futari anakaa nasi mkekani kama kawaida mana watoto walikataa ale peke yake.

Haya, na hili wengine watasema kwa nini naliandika, na mimi nasema kwa nini nisiliandike. Watu wa bara wakisikia mwanamke wa Tanga wanajua wenyewe wanawaza nini. Somo wangu alinifundisha mengi, hakunifundisha mume mwenye mfuko tumboni. Upasuaji wa sehemu ile na mionzi yake vinagusa mishipa ya fahamu inayopita jirani kabisa na mambo ya kiume, ukiongeza na sukari ndo usiseme. Hakuna daktari aliyetugusia, si kabla wala baada, ikabidi siku moja kliniki mume ametoka kwenda kupima damu nibaki niulize mimi, nimejifunika mtandio mpaka puani. Daktari, kijana tu, akajibu vizuri: inaweza kurudi taratibu, mwaka hata zaidi, inaweza isirudi yote, kuna vidonge lakini mpaka moyo na presha viangaliwe kwanza na dawa zake nyingine zijulikane, na ya kununua barabarani kwa wale wa spika asithubutu. Alishathubutu, nilikuta chupa kwenye boksi la spana. Hatukugombana. Nilichofanya nilichukua kanga yangu kuukuu, ile ya mgeni njoo mwenyeji apone, nikashona mkanda wa kuficha mfuko, mfuko hauonekani wala haumgusi mtu ubaridi wake. Yeye ndie aliyechagua upande wa maandishi, neno apone limekaa juu ya mpangaji. Mengine yatabaki chumbani. Nitasema tu kwamba kwa miezi mingi alikua ananipa mgongo akilala, na sasa hanipi.

Nyumba nayo imebidi ipangwe upya na hapo hatujamaliza, tunavutana kila wiki. Hatakiwi kubeba kizito, utumbo unaweza kusukuma kutoka pembeni ya ile ncha ukafanya ngiri, basi injini hanyanyui, gunia la mchele hanyanyui, mtoto akilala mkekani hambebi. Gereji amebaki kukaa kwenye kiti na kusikiliza. Wateja wake wa zamani bado wanakuja, wanawasha gari, anafumba macho, anasema hiyo ni bearing ya gurudumu la nyuma kulia, vijana wanafungua wanaikuta. Wanamlipa kwa sikio lake, na sio nyingi. Mwenye kipato nyumbani sasa ni mimi, na hilo hatulisemi kwa mdomo, ila linaonekana kwenye namna anavyoomba hela ya vocha, anaomba kwa kuzunguka, anaanzia hali ya hewa.

Akasema basi anisaidie vitumbua, usingizi haupati alfajiri. Nikasema jiko hapana. Vidole havina habari ya moto, ataungua mafuta na hatajua mpaka anuse. Mbuzi ya nazi hapana, atajikuna mkono. Akauliza sasa mimi nifanye nini, nipumue? Tulitupiana maneno ya nguvu siku ile, majirani walisikia, na unajua nini, baadae nilipokua natoa vitumbua nikajikuta nacheka peke yangu, mana ilikua mara ya kwanza tangu kansa iingie amenijibu vibaya kama zamani, muda wote ule alikua ananijibu asante mama, asante mama, mpaka ilikua inanitisha. Mwisho tukakubaliana anakaa mezani anapokea hela na kufunga vitumbua kwenye karatasi. Wapo wanaosema kalishwa limbwata. Waseme. Mauzo yamepanda mana wale madereva wa bodaboda wanakuja kumuuliza habari za injini na mtu haulizi bila kununua.

Binti mkubwa ndo namuwaza. Tulipokua Dar alikua mama wa nyumba na miaka yake ile, alishusha masomo, na sasa hajui kuachia. Usiku namsikia anatoka chumbani anasimama mlangoni kwetu anasikiliza kama baba yake anapumua. Nimemwambia mwanangu nenda kalale hiyo kazi ni yangu, ananijibu najua, na kesho yupo tena. Sijapata dawa ya hilo.

Sasa kliniki ya Dar inakaribia. Kila miezi mitatu damu ya kipimo wanachoita CEA, cha kuangalia kama kansa inarudi, mara nyingine picha, na kamera yake ya mwaka, na wanasema miaka miwili mitatu ya mwanzo ndo ya kuwa macho zaidi, wanafuatilia mpaka mitano. Wiki moja kabla anakua mkali, anaosha gari ambayo sio yake, hali vizuri. Safari hii ametangaza anakwenda peke yake. Yeye ni mtu mzima, Tanga Dar ameiendesha tangu hajanioa, anaijua kila kona mpaka Segera, wifi atampokea Mbezi stendi, na nauli ya mtu mmoja ni nusu, hesabu ndogo. Mimi hesabu yangu ni nyingine: kwenye basi anakataa kula toka usiku ili mpangaji alale, asipokula sukari inashuka, ikishuka hajui kama imeshuka, na basi mpaka lisimame kuchimba dawa ni muda. Tumebishana siku tatu. Akasema neno lake lile la mtoto wa nne. Nikanyamaza, nikasema sawa baba, nenda.

Jana nimekata tiketi mbili, hajui bado. Yake siti ya mbele karibu na mlango, mimi nyuma kabisa dirishani, asije akasema namchunga.